UNO ya kawaida: mchezo mzuri kuliko tunavyoucheza

Watu wengi wanaonunua UNO hutumia nusu tu ya walichokilipia. Kadi zinatoka, karatasi ya maelezo inabaki chini ya boksi mpaka siku boksi linapochanika, na mchezo unaendeshwa kwa kanuni za kusikia kwa jirani. Baadaye wanalalamika kwamba UNO ni bahati nasibu. Tunayoitathmini hapa ni seti ya kawaida ya kampuni ya Mattel, ile ya rangi nne, na tunasema mapema: ukiicheza kwa alama mpaka 500, na ukiruhusu pingamizi dhidi ya kadi ya +4 (ile inayomwokotesha anayefuata kadi nne) kama karatasi inavyoelekeza, ni mchezo wa kukumbuka, kuhesabu na kumsoma mtu. Ukiviondoa hivyo viwili, kweli kinachobaki ni bahati.

Ubishi juu ya kanuni umekuwa na mchezo huu tangu kuzaliwa kwake. Merle Robbins, kinyozi wa mji wa Reading, jimbo la Ohio, Marekani, aliubuni mwaka 1971 baada ya kubishana na mwanawe kuhusu kanuni za mchezo wa karata uitwao Crazy Eights. Seti 5,000 za mwanzo zilichapishwa kwa fedha za familia. Mattel iliupata mwaka 1992 ilipoinunua kampuni ya International Games.

Seti iliyozoeleka ina kadi 108. Kila rangi, yaani nyekundu, njano, kijani na buluu, ina kadi 25: sifuri moja, namba 1 hadi 9 mbili mbili, kisha ruka mbili (anayefuata anakosa zamu), geuza mbili (mchezo unabadili mwelekeo) na +2 mbili (anayefuata anaokota kadi mbili). Nane zinazobaki ni nyeusi: nne za kubadili rangi tu, na nne za kubadili rangi zenye +4. Kwenye maboksi ya miaka ya karibuni utakuta kadi 112, kwa sababu nyeusi nne zimeongezwa. Moja inaamuru kadi za mikononi zikusanywe, zichanganywe na kugawiwa upya, na tatu ni tupu za kuandikia kanuni mliyojitungia. Hizo nne ziwekwe pembeni. Ile ya kugawa upya hasa inaharibu mchezo, maana inafuta kazi yote ya mtu aliyekuwa akikumbuka nani hana rangi gani. Lakini zile tupu usizitupe. Kadi moja ikipotea, unaandika jina lake kwa penseli kwenye tupu na seti inaendelea kuishi.

Jambo moja la kupongeza bila masharti: ruka, geuza na +2 zimechorwa kwa alama, kwa hiyo hakuna neno la Kiingereza unalolazimika kulisoma ili ucheze. Mtoto anayejua rangi na tarakimu anaingia mchezoni baada ya raundi moja ya kutazama. Hata 6 na 9 zimepigwa mstari chini, na mstari huo umezuia ugomvi mwingi.

Alama ndizo zinazoupa mchezo akili

Mchezaji anayemaliza kadi zake hujumlisha thamani ya kadi zote zilizobaki mikononi mwa wenzake na kujiandikia yeye. Namba huhesabiwa kama ilivyo. Ruka, geuza na +2 ni 20 kila moja. Nyeusi yoyote ni 50. Raundi zinaendelea mpaka mmoja afike 500.

Sasa jumlisha seti nzima ya 108. Namba zote zina alama 360, kadi za vitendo 480, na nyeusi 400. Jumla ni 1,240. Maana yake kadi 32 tu zimebeba alama 880, takriban 71 katika kila 100. Kadi saba unazogawiwa mwanzoni zina wastani wa alama 80 hivi. Ukishaziona hesabu hizi, ule ushauri maarufu wa “ficha nyeusi zako mpaka mwisho” unaanza kuyumba. Kwenye mchezo usio na alama, kuficha nyeusi hakuna gharama yoyote. Kwenye mchezo wa 500, nyeusi moja iliyokukalia mkononi inakugharimu kuliko tisa tano.

Kanuni tunayoiamini ni hii: nyeusi moja unaweza kuitunza, ya pili itoke mapema. Na mtu yeyote mezani akishabakiwa na kadi mbili, wakati wewe una nne au tano, hata ile moja uitoe zamu inapokufikia. Kuna hali moja tu ya kuing'ang'ania, nayo ni pale wewe mwenyewe unapokaribia kumaliza. Ukibakiwa na kadi mbili, moja ikiwa nyeusi, itupe ile nyingine kwanza ikikubali, yaani ikilingana na kadi iliyo juu ya rundo kwa rangi, namba au mchoro. Nyeusi inakubalika juu ya rangi yoyote, kwa hiyo atakayekuzuia ni yule tu atakayekuruka au kukuokotesha.

Kwenye namba za kawaida, ukiwa na nyekundu 9 na nyekundu 2 na zote zinakubalika, tisa itangulie. Ni jambo dogo linalosahaulika, na kwa raundi sita au saba linafikia alama nyingi. Isipokuwa mbili hiyo ina kazi nyingine, na hapo ndipo tunafika kwenye madaraja.

Sifuri na madaraja

Daraja ni jozi ya namba moja kwa rangi mbili, kwa mfano buluu 3 na nyekundu 3. Ukiwa nayo unahama kutoka rangi moja kwenda nyingine bila kutumia nyeusi. Mchezaji mzoefu, akishagawiwa, hazipangi kadi kwa rangi peke yake. Anatafuta kwanza jozi zake ziko wapi. Katika seti nzima kila namba ya 1 hadi 9 ina kadi nane, ila sifuri zina nne tu. Tofauti hiyo ndogo ina matumizi makubwa.

Juu ya rundo kukiwa na nyekundu 7, zinazoweza kuifuata ni nyekundu nyingine 24, saba sita za rangi nyingine, na nyeusi nane: 38 kati ya 107. Zenye uwezo wa kuihamisha rangi ni 14. Juu kukiwa na nyekundu 0, sifuri za rangi nyingine ni tatu tu, hivyo zenye uwezo wa kuihamisha rangi zinashuka hadi 11. Kwa hiyo, ukitaka rangi ibaki palepale, sifuri ndiyo kufuli yako. Una nyekundu nne mkononi na umegundua jirani hana nyekundu? Weka sifuri. Ukitaka rangi ihame kwa sababu wewe mwenyewe umekwama, sifuri usiiguse. Weka namba ambayo bado hazijaonekana nyingi mezani.

Tumia pia hesabu hii ya jumla. Kama hujui lolote kuhusu kadi za mtu, mwenye kadi moja ana nafasi ya takriban 36 katika 100 ya kuweza kuitupa juu ya kadi ya kawaida. Mwenye mbili, 59. Mwenye tatu, 74. Mwenye saba, 96. Ndiyo maana mwanzoni mwa raundi karibu hakuna anayeokota, na kuhangaika kumzuia jirani mwenye kadi saba ni kupoteza silaha. Ruka na +2 zina thamani kubwa zaidi jirani akiwa na mbili au tatu. Lakini kumbuka kila moja inakugharimu 20 ukikutwa nayo, kwa hiyo tunza moja au mbili, nyingine zitumie kama namba za kawaida.

Hiyo 36 ya mtu aliyesema UNO, yaani aliyebakiwa na kadi moja, unaweza kuishusha kwa kumbukumbu. Kila mtu anapookota bila kutupa, kuna rangi na namba iliyokuwa juu. Ikiwa jirani ameokota juu ya kijani 5, kadi alizokuwa nazo hazikuwa na kijani wala tano, na huenda hazikuwa na nyeusi. Aliyoiongeza ni moja tu usiyoijua. Mrudishie kijani zamu ijayo. Huna haja ya kukumbuka kadi zote 108, inatosha kukumbuka rangi ya mwisho iliyomwokotesha jirani anayekufuata. Mchezaji anayeweza kufanya hilo kwa jirani mmoja tu tayari anawazidi wengi.

Tahadhari: kanuni zinamruhusu mtu kuokota hata akiwa na kadi inayokubalika. Adhabu yake ni kwamba baada ya kuokota hawezi kutupa kadi nyingine isipokuwa ile aliyoiokota. Mjanja anaweza kuokota makusudi ili umwamini hana kijani. Hutokea kwa nadra, kwa sababu inamwongezea mzigo, ila mwenye kadi mbili anayetunza nyeusi yake anaweza kuona inafaa.

Mfano wa karibu

Mpo wanne. Jirani yako wa kushoto, ambaye ndiye anayekufuata, amebakiwa na kadi moja. Zamu yake iliyopita alikuta kijani 7 akaweka nyekundu 7, akasema UNO. Wawili wa katikati wakafuata kwa nyekundu, na sasa juu kuna nyekundu 5. Mkononi una nyekundu 3, nyekundu 0, buluu 3, ruka ya buluu, na nyeusi ya kubadili rangi.

Mtu mwenye kadi mbili anapohamisha rangi, mara nyingi anaipeleka kwenye kadi yake ya mwisho. Chukulia ana nyekundu. Ukiweka nyekundu 3 umemfungulia mlango. Ukiweka nyekundu 0 umefunga mlango wa namba lakini ule wa rangi uko wazi, nao ndio anaotaka kuupita. Inabaki nyeusi. Ukiitupa, mzigo wako unashuka kutoka alama 76 hadi 26 hapohapo, hata kama mambo yataharibika.

Rangi ipi? Buluu, na sababu ni mbili. Zamu ijayo, kama buluu haijaondolewa, una ruka ya buluu ya kumpita huyohuyo jirani. Kisha una buluu 3 ambayo ni daraja la kwenda nyekundu 3, na nyekundu 3 inaifungulia nyekundu 0. Yaani ukiitaja buluu umeshapanga mlolongo wa kadi zako zote nne mpaka mwisho. Mtu akitupa nyeusi na kutaja rangi “anayoipenda” bila kupanga kadi mbili zinazofuata, ameitumia nyeusi kama kadi ya kawaida.

Angalia pia mwelekeo. Ruka inampiga anayefuata kwa wakati huo. Kama geuza imetupwa, anayefuata ni wa kulia, na jirani wa kushoto sasa anacheza kabla yako. Mipango mingi mizuri huvunjika hapo, mtu akisahau mchezo unazunguka upande gani.

Pingamizi, kanuni isiyotumika

+4 ina sharti: hairuhusiwi kutupwa ikiwa mkononi una kadi ya rangi iliyo juu. Soma vizuri, sharti ni la rangi. Ukiwa na namba inayofanana kwa rangi nyingine, bado unaruhusiwa kuitupa +4. Ukiwa na ruka au +2 ya rangi hiyo, huruhusiwi.

Hakuna anayekuchungulia, kwa hiyo unaweza kuitupa kwa hila. Lakini anayetakiwa kuokota, huyo peke yake, ana haki ya kupinga. Aliyepingwa anamwonyesha mpingaji kadi zake. Akikutwa na rangi ile, yeye ndiye anaokota nne. Akikutwa safi, mpingaji anaokota sita badala ya nne na zamu yake inapotea.

Fanya hesabu ya kupinga. Ukinyamaza unaokota nne. Ukipinga na kushinda, huokoti kitu. Ukipinga na kushindwa, umeongezewa mbili tu. Unahatarisha mbili kuokoa nne, kwa hiyo pingamizi linalipa ukiamini kuna nafasi moja katika tatu kwamba mwenzako amedanganya. Na hapo bado hatujahesabu zile nne zitakazomwangukia yeye. Watu hupinga kwa uchache mno. Wanaogopa sita, wanasahau kwamba nne zimeshawafikia tayari.

Nani wa kumpinga? Tazama idadi ya kadi zilizobaki mkononi mwake baada ya kuitupa +4. Kama ana sita, kadi sita za kubahatisha huwa na angalau moja ya rangi inayotakiwa kwa takriban mara 79 katika 100. Akiwa nazo tatu, ni 54. Mbili, 40. Moja, 23. Hesabu hizi ni za mtu anayetupa +4 bila kujali sharti. Mtu unayemjua kuwa mkweli mpunguzie. Kwa vitendo: mwenye kadi nyingi anayetupa +4 mapema apingwe, mwenye moja aachwe. Na +4 iliyotupwa kama kadi ya mwisho kabisa usiipinge kamwe. Hana kadi nyingine mkononi, kwa hiyo hawezi kuwa na rangi aliyoificha. Utaokota sita, na zote sita zitahesabiwa kwenye alama zake.

Kutoka upande wa mtupaji, maana yake ni kwamba +4 ya halali inalipa zaidi ukiwa na kadi nyingi, kwa sababu watu watakushuku na kupinga. Mtu aliyekupinga mara moja akaokota sita hatakupinga tena jioni ile, na hapo ndipo hila inapopata nafasi.

Kanuni zinazoletwa kutoka nyumbani

Waliokulia kwenye kadi ya Kenya, ile ya kusema “niko kadi”, huleta mezani tabia mbili: kumpitishia jirani adhabu kwa kuweka kadi nyingine ya adhabu juu yake, na kumkatalia mtu kumaliza kwa kadi ya vitendo. UNO ya kawaida inakataza kupitisha adhabu, na inaruhusu kumaliza kwa kadi ya vitendo. Mwaka 2019 Mattel ilisema waziwazi mitandaoni kwamba +2 haiwekwi juu ya +2, wala +4 juu ya +4: anayepigwa anaokota na kukosa zamu. Ukimaliza kwa +2, jirani anaokota mbili kwanza, ndipo alama zinahesabiwa.

Mkiamua kuruhusu kulimbikiza adhabu, jueni mnachobadilisha. +2 inageuka kuwa ngao, kila mtu anaificha, na raundi inarefuka. Kanuni ya kuokota mpaka upate inayokubalika ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu mmoja anaweza kuchota kadi kumi bila kosa lolote, na kumbukumbu ya rangi inakosa maana kwa sababu kila aliyeokota anamaliza zamu kwa kutupa. Kanuni halisi ni kuokota moja. Ikikubali unaweza kuitupa hapohapo, isipokubali zamu inahama.

Mwanzo wa raundi nao una mambo yake. Kadi ya kwanza kufunuliwa ikiwa +4, inarudishwa ndani na kufunuliwa nyingine. Ikiwa nyeusi ya kubadili rangi, wa kushoto kwa mgawaji anachagua rangi. Ikiwa +2, huyo wa kushoto anaokota mbili na kukosa zamu. Ikiwa geuza, mgawaji mwenyewe anaanza.

Neno “UNO” linasemwa wakati unatupa kadi ya pili kutoka mwisho. Ukisahau na ukakamatwa kabla anayefuata hajaanza zamu yake, unaokota mbili. Akishaanza, umeponyoka. Kwa hiyo, mtu akiwa na kadi mbili na zamu ni yake, acha kupanga kadi zako na umtazame mkono.

Wangapi mezani?

Boksi linasema 2 hadi 10. Wakiwa kumi, kadi 70 zinagawiwa, moja inafunuliwa, na rundo linabaki na 37 tu. Zamu inachukua muda mrefu kukurudia na rangi imeshabadilika mara nyingi, hivyo hakuna mpango unaodumu. Kwa sherehe inafaa, kwa ushindani haifai. Wanne ndio idadi yetu. Mkiwa wanne mnaweza pia kucheza wawili kwa wawili, washirika wakikaa mkabala. Mmoja akimaliza, upande wake unahesabiwa alama za wapinzani wote wawili, na +2 kwa jirani inakuwa pia msaada kwa mwenzako.

Wawili ni mchezo tofauti, na mkali. Geuza inafanya kazi ya ruka: ukiitupa, zamu inarudi kwako. +2 nayo inamwokotesha mwenzako na kukurudishia zamu. Mwenye ruka, geuza na +2 za rangi moja anaweza kushusha zote tatu mfululizo kisha akafuata na namba, mwenzake akitazama tu. Kwa wawili, basi, usitupe kadi za vitendo mapema hata kama zina alama 20. Zikusanye tatu au nne, zipange kwa rangi au kwa michoro inayofanana, na uzishushe kwa mkupuo mmoja unaofika mwisho. Kosa la kawaida ni kuanza mlolongo kabla ya kuhakikisha kadi ya mwisho inaungana na ile iliyoitangulia. Na katikati ya mlolongo huo usisahau kusema UNO.

Ubora wa kadi, na nakala

Kadi zina upana wa milimita 56 na urefu wa 87, ndogo kidogo kuliko karata za kasino, na zinatosha kiganja cha mtoto. Ni za karatasi yenye mng'ao. Udhaifu wake ni unyevu. Kwenye hewa ya pwani, au mikono ikiwa na jasho na mafuta ya chipsi, zinajikunja na kuanza kunata. Usizifute kwa kitambaa chenye maji; kitambaa kikavu kinatosha. Kuchanganya kwa kuzikunja katikati na kuziachia kunaharibu pembe haraka, na kadi yenye pembe iliyokunjika inajulikana kwa mgongo. Nyeusi ikishajulikana kwa mgongo, seti hiyo haifai tena kwa ushindani. Zimwage mezani uzikoroge kwa viganja, au uchanganye kwa kuchomeka upande mmoja ndani ya mwingine taratibu.

Boksi la kadibodi ni kipengele dhaifu kuliko vyote. Kifuniko chake kinachanika mapema, na kadi zinapotea kwa njia hiyo. Zifunge kwa mpira wa fedha ndani ya kikopo cha plastiki.

Nakala zisizo halisi zipo nyingi. Kabla ya kulipa, kama muuzaji anakubali boksi lifunguliwe, fanya mambo manne. Hesabu kadi: 108 au 112. Tenga rangi moja uone kama zinafika 25, na sifuri iwe moja. Geuza migongo yote juu na uitazame kwenye mwanga mmoja. Kivuli cha wino kikitofautiana kati ya kadi na kadi, achana nayo. Mwisho, weka nyekundu na njano kando ya taa hafifu ya nyumbani. Uchapishaji mbaya hutoa njano iliyoelekea chungwa, na usiku mezani patakuwa na ubishi. Nakala za plastiki zinavumilia maji vizuri, ila zinateleza, na rundo linaporomoka kila mtu anapookota.

Kama nyumbani kuna mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani, tafuta toleo lenye alama za ColorADD, lililotoka mwaka 2017. Kila rangi ina alama yake ndogo iliyochapwa kwenye kadi, na wengine mezani hawapotezi chochote.

Matoleo mengine, kwa ufupi. Flip ina kadi 112 zenye pande mbili, na kadi maalumu ya kupindua (siyo ile geuza) inaupeleka mchezo mzima upande wa giza ambako adhabu ni +5. Migongo ya kadi zako inaonekana na wenzako, kwa hiyo kusoma kadi za mtu kunapata ladha mpya, na kwa waliokwisha kuzoea ya kawaida tunaipendekeza. No Mercy, ya mwaka 2023, ina kadi 168, inaruhusu kulimbikiza adhabu, ina +6 na +10, na anayefikisha kadi 25 anatolewa nje. Ina kelele na vicheko. Lakini sehemu kubwa ya haya tuliyoandika haifanyi kazi humo: saba inabadilishana kadi zote za mkononi na mwingine, sifuri inazizungusha meza nzima, na rangi ulizokuwa ukizikumbuka zinahamia kwa mtu mwingine kabla hujazitumia. Kwa meza ya watu wanaotaka kushindana mpaka 500, nunua ya kawaida, toa zile nyeusi nne za ziada, na msome karatasi ya maelezo kwa sauti kabla ya kugawa.